Fundi Kimya Anashuka Kutoka Kituo cha Nne

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Kimya atakabidhi funguo za Kituo cha Nne na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia Idara yetu ya Maji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya mameneja saba, ameomba likizo mara tano, na wenzake wa karakana wanadai kwamba maneno yote aliyoyatamka hayajafika mia tatu, tena nusu yake ni neno “sawa”.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu huu kwa kuwa ni karani wa zamu hapa ofisi kuu, na kwa miaka kumi na saba taarifa zake zote zimepita mezani kwangu. Walidhani namfahamu sana. Nilipokaa kuandika ndipo nilipohesabu na kukuta kwamba, hadi mwezi huu unaanza, tulikuwa tumeonana ana kwa ana mara tatu tu. Kwa hiyo mengi ya humu nimeyatoa kwenye mafaili, kwa madereva wa lori la dizeli, na kwa binti yake.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, fundi msaidizi katika karakana ya mjini. Wakongwe wa pale wanakumbuka alivyokuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye ganda la mota inayozunguka, mpini kaubana sikioni, kisha anataja beringi iliyochoka. Mara ya kwanza wenzake walifungua mota ili wamcheke. Mara ya pili walifungua ili wahakikishe. Mara ya tatu hawakuhangaika kufungua, walikwenda stoo moja kwa moja kuchukua beringi mpya.

Jina la Fundi Kimya alilipata katika mwaka wake wa nne, alipotangazwa mfanyakazi bora na kuombwa aseme machache. Alishika kipaza sauti, akawatazama watu muda mrefu kama wa foleni ya benki, akasema “Ahsanteni”, akaketi. Meneja wa wakati ule alisema hajawahi kusikia hotuba ambayo kila mtu aliielewa namna ile.

Katika mwaka wa tisa mkewe aliugua wiki mbili tu, akafariki. Aliacha mtoto wa kike wa miaka sita. Mama mdogo wa mtoto alikuja msibani na alipoondoka aliondoka naye, kwa makubaliano kwamba ni kwa muda, hadi baba atulie. Miezi miwili baadaye Fundi Kimya aliandika barua ya mistari miwili kuomba apelekwe Kituo cha Nne. Ofisi iliikubali siku hiyo hiyo, maana kituo hicho hakikuwa na mtu aliyekitaka, na mhudumu aliyekuwepo alikuwa ameacha kazi bila kuaga. Ule muda wa mtoto kukaa kwa mama mdogo uliendelea mpaka akawa mtu mzima.

Kwa wafanyakazi wapya ambao hawajafika huko, Kituo cha Nne kiko kilomita arobaini na moja kutoka hapa, kwenye mfululizo wa vituo sita vinavyopandisha maji kutoka mtoni hadi matangi ya mji. Kila kituo kina injini ya dizeli, pampu, tangi, na chumba kimoja cha mhudumu kilichobandikwa kwenye ukuta wa nyumba ya injini. Injini ikiwaka, kitanda kinatetema. Ikizimwa, masikio yanabaki yakivuma. Zamani kulikuwa na simu ya waya, lakini nguzo ziliangushwa na mchwa na nyaya zikaenda zilikokwenda. Simu za mkononi hazishiki kabisa. Lori lilipita kila Jumanne na dizeli, barua na chakula. Kati ya Jumanne na Jumanne, mhudumu alikuwa peke yake na daftari la kuandikia kina cha maji.

Jirani yake wa karibu alikuwa mhudumu wa Kituo cha Tano, kilomita tisa kwa baiskeli. Huyo tulimwita Baharia, ingawa bahari hakuwahi kuiona. Alipenda tu fulana za mistari. Baharia alikuwa msemaji kupita kiasi, na madereva wanasema wale wawili walifaana kama sufuria na mfuniko. Walikuwa na utaratibu wao: Jumapili hii huyu anamwendea yule, Jumapili ijayo yule anamwendea huyu. Walicheza drafti kwa vizibo vya soda, Baharia akiongea mchana kutwa na mwenzake akimla kete. Walifanya hivyo miaka kumi na mitatu.

Miaka minane iliyopita, Jumapili moja ya manyunyu, ilikuwa zamu ya Fundi Kimya kwenda. Hakwenda. Hakuwa mgonjwa, baiskeli haikuwa mbovu. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba aliitazama njia yenye tope, akajisikia uvivu, akarudi kitandani akijiambia ataenda wiki inayofuata. Jumanne lori halikupita kwa sababu daraja dogo lilikuwa limesombwa. Huku mjini tuliona maji yamepungua matangini, tukadhani bomba limepasuka mahali. Alhamisi roho yake ilikataa kutulia, akapanda baiskeli.

Alimkuta Baharia amelala kizingitini mwa chumba chake, amekwisha kufa. Daktari aliandika kwamba aliteleza kwenye ngazi ya tangi, akavunjika nyonga, na kwamba alijiburuta kutoka chini ya tangi hadi mlangoni. Ni hatua kama arobaini. Fundi Kimya alimuuliza daktari ilikuwa siku gani. Daktari alisema hawezi kujua kwa hakika, labda Jumamosi, labda Jumapili.

“Kama ni Jumapili, ni asubuhi au jioni?”

Daktari alimshika bega, akaondoka.

Baada ya mazishi aliandika barua kuomba kila kituo kipewe redio ya mawasiliano. Alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Aliandika ya pili, akajibiwa hivyo hivyo. Aliandika ya tatu, haikujibiwa. Barua zote tatu nilizipokea mimi, nikazigonga muhuri, nikaziweka kwenye faili na kulirudisha faili kabatini. Nilifanya kama kazi yangu inavyotaka. Nilizisoma tena juzi na sikuona fahari yoyote.

Ndipo akamwandikia binti yake. Binti alikuwa na miaka ishirini, anasoma ufundi wa vifaa vya umeme chuoni, na kwa maelezo yake mwenyewe barua za baba yake mpaka hapo zilikuwa na sentensi tatu zisizobadilika: sijambo, soma kwa bidii, msalimie mama yako mdogo. Hii ilikuwa na kurasa mbili. Ilieleza mabonde, umbali kati ya vituo, urefu wa matangi, na mwisho iliuliza kama kuna njia yoyote ya mtu kusema neno moja tu likafika kilomita tisa bila simu wala umeme wa gridi.

Binti alimtumia, kwenye lori la Jumanne, kifurushi chenye bodi mbili ndogo kama viberiti na karatasi ya maelekezo. Alieleza kwamba hizo ni redio zinazotumia nguvu kidogo sana na kufika mbali sana, mradi zionane. Hazibebi sauti, zinabeba maandishi mafupi tu, ambayo unayaandika kwenye simu ya kawaida iliyo karibu. Zaidi ya hayo, redio moja ikipokea ujumbe usio wake, inaurusha kwa ya jirani, na jirani kwa jirani, mpaka umfikie mwenyewe. Hakuna mnara wala kampuni. Wingi wa redio zenyewe ndio mtandao.

Chini ya karatasi binti alipiga mistari miwili ya wino mwekundu: usiwashe redio kabla hujaifunga antena, utaiunguza. Fundi Kimya, kama wanaume wengi mbele ya karatasi ya maelekezo, aliwasha kwanza akasoma baadaye. Bodi ya kwanza ikafa papo hapo. Aliandika barua ya kukiri kosa, na binti anasema ndiyo barua ya kwanza ya baba yake iliyomchekesha. Akamtumia nyingine.

Kuanzia hapo barua ziliendana kila wiki. Baba aliuliza, binti akajibu. Antena aliikata kutoka waya mnene wa shaba, na alipokosea kwa nusu sentimita ujumbe uliishia kwenye kona ya kwanza ya njia. Betri alizitoa kwenye kompyuta mbovu zilizokuwa zinangoja kutupwa nyuma ya stoo yetu, akizipima moja moja. Paneli ya sola ilikuwa ndogo kama jalada la kitabu. Makasha yalikuwa makopo ya plastiki ya kubebea chakula, mifuniko ameibandika kwa gundi ya silikoni, na chini ametoboa kitundu kimoja cha kutolea unyevu baada ya kasha la kwanza kujaa jasho na kuoza. Kupitia kitundu hicho nyigu waliingia wakajenga. Akaweka kipande cha wavu wa dirisha. Juu ya bomba la plastiki, kileleni mwa tangi, akapandisha chombo chake na kukiita kijumbe.

Tatizo ni kwamba kijumbe kimoja hakina wa kusema naye. Alitengeneza cha pili, akakifunga kwenye usukani wa baiskeli, akaenda kupima. Kila kilomita alisimama na kuandika: niko kwenye kalvati, unanisikia. Niko kwenye mti uliopigwa radi, unanisikia. Kisha alirudi nyumbani, akafungua simu iliyoachwa pale, akakuta jumbe zake mwenyewe, akazijibu moja moja: nakusikia. Binti alipoomba amtumie kumbukumbu za majaribio, alihesabu jumbe mia mbili na sita za miezi mitano, zote za mtu mmoja akijiuliza na kujijibu. Aliniambia alizisoma akiwa bwenini, akafunga daftari akatoka nje.

Ilimchukua mwaka mmoja na nusu kufikisha vijumbe kumi na moja, kimoja kila kituo, vinne kwenye vilele vya katikati, na cha mwisho kwenye dirisha langu. Kazi haikukosa vituko. Mkaguzi wa ubora wa maji alipanda tangi la Kituo cha Tatu, akaona kopo la chakula limefungwa kwa waya, na akaandika taarifa kali kwamba mhudumu anaficha chakula chake cha mchana juu ya maji ya wananchi. Taarifa hiyo ipo, na maneno ya Meneja pembeni yake yanasema: “Kama ni ugali, mbona una antena?”

Utaratibu alioutunga ulikuwa mdogo. Kila asubuhi saa moja, kila mhudumu anaandika neno lolote. Asiyeandika hadi saa mbili, jirani anapanda baiskeli. Ofisi iliuvumilia utaratibu huo bila kuutambua rasmi, mpaka siku ambayo mhudumu wa Kituo cha Pili, mama wa watoto wanne tunayemwita Mama Pampu, alifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yalimuunguza uso na mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto, akiwa haoni vizuri, aliandika: nmeungua njon. Ujumbe ulipita vijumbe vitatu ukatua dirishani kwangu. Muuguzi alimfikia baada ya saa moja na dakika arobaini. Mama Pampu ataketi safu ya mbele Ijumaa, na amesema atavaa gauni la mikono mifupi makusudi ili watu waone.

Baada ya tukio hilo Idara ilivipokea vijumbe kwa mikono miwili, na hapa ni lazima niseme jambo ambalo si la kusherehekea. Wahandisi walitambua kwamba chombo kinachoweza kubeba neno la mtu kinaweza pia kubeba kina cha maji. Wakaongeza vipimo matangini na swichi kwenye injini. Mhudumu mmoja baada ya mwingine akarudishwa mjini kwenye kazi nyingine, karibu na familia yake, na hakuna aliyesikitika. Kituo cha Sita kilifungwa mlango, kisha cha Kwanza, cha Tano, cha Pili. Mwaka jana mwezi wa nne aliondoka wa Kituo cha Tatu. Vijumbe alivyovitengeneza ili mtu asiwe peke yake vikambakiza yeye peke yake bondeni. Aliachwa kama fundi wa kuvitunza.

Hata hivyo saa moja ya asubuhi haikubadilika. Kati ya tarakimu za matangi, zinazoingia zenyewe, lilikuja neno moja la mtu. Siku nyingine “mvua”. Siku nyingine “kunguru wamekuja”. Nilikuwa namjibu nikivua koti: umeamkaje fundi, au, huku jua. Dakika moja, basi. Sikuona kwamba ni jambo kubwa. Lilikuwa kati ya chai na kufungua rejista.

Miezi kumi iliyopita nilichukua likizo ya wiki mbili kwenda kumwoza mtoto wa dada yangu. Niliacha maelekezo ya rejista, ya muhuri, ya funguo za kabati. Kijumbe cha dirishani sikukikumbuka kabisa. Siku ya kwanza aliandika, hakujibiwa. Siku ya pili aliandika mara mbili. Siku ya tatu, kabla ya saa mbili, alifunga kituo na kupanda baiskeli.

Alifika hapa saa kumi alasiri, kilomita arobaini na moja, akiwa na miaka hamsini na tisa. Wenzangu wa mapokezi wanasema alikuwa mwekundu kwa vumbi hadi kope, hawakumtambua, na walidhani ni mteja aliyekuja kulalamika maji. Alisimama kaunta akihema, akasema:

“Karani wa zamu. Yuko hai?”

Wakamwambia yuko likizo, yuko harusini. Akauliza mara ya pili kama wana hakika. Wakamwonyesha jina langu kwenye ubao wa likizo. Akasema sawa. Akaomba maji, akanywa vikombe vitatu, akaketi kidogo kwenye benchi la wateja, kisha akaondoka. Hawakujua kwa nini alikuja. Mimi nilijua niliporudi na kufungua jumbe za siku tatu, na nilikwenda kukaa chooni mpaka macho yakakauka. Jumanne iliyofuata nilidandia lori kwenda kumwomba radhi. Ndiyo mara ya tatu ya kuonana niliyoitaja hapo juu, na ndiyo siku aliyonisimulia habari ya ile Jumapili ya manyunyu. Alisimulia akiwa amenigeuzia mgongo, akisugua antena.

Tangu hapo sijawahi kuchelewa. Nimemfundisha pia msaidizi wangu, na tumeandika kwenye mlango: “Saa moja, mjibu Fundi.”

Wiki iliyopita nilipanda tena lori, safari hii na binti yake. Sasa ana miaka ishirini na minane, ana duka la kutengeneza redio na simu, na ana chumba alichokipaka rangi kwa ajili ya baba yake. Hakuwahi kufika Kituo cha Nne. Alikijua kwa michoro tu. Alipanda tangi mwenyewe, akakikagua kijumbe cha kwanza, akashuka akisema viungio vimelehemiwa vizuri kuliko vyake. Fundi Kimya aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Chumbani mlikuwa na kiti kimoja na kikombe kimoja. Mimi alinipa kiti, binti akaketi kitandani, yeye akageuza ndoo. Walikuwa wameandikiana miaka minane, na sasa, ana kwa ana, hawakuwa na la kuulizana, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichoharibika. Injini ilikuwa imezimwa. Nilitaka kutoka niwaache, lakini mlango ulikuwa nyuma ya ndoo.

Hatimaye yeye ndiye aliyeanza, akitazama sakafu.

“Mimi sijui kukaa na watu, mama. Nimesahau. Nitakusumbua.”

Binti alisogea mpaka ukingoni mwa kitanda.

“Na mimi sijui kukaa na baba,” akasema. “Sikuwahi. Tutakosea wote wawili.”

Fundi Kimya aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama chumba hicho kina dirisha, na dirisha linatazama wapi. Binti akamwambia linatazama njia, watu wanapita tangu asubuhi, kuna kelele. Akafikiri. Akasema sawa.

Ijumaa lori litamleta saa nane. Vijumbe vyote vinabaki kazini, na michoro yake imewekwa ofisi ya wahandisi, pamoja na barua zake tatu, ambazo Meneja wa sasa ameagiza zitolewe kabatini na zisomwe na kila mfanyakazi mpya.

Fundi, kwa niaba ya wote uliowapandishia maji ya kunywa bila wao kukujua, na kwa niaba ya tulio hai kwa sababu ulitaka kujua kama tuko hai, tunakushukuru. Utusamehe tulipochelewa kukujibu. Tunakutakia afya, usingizi mtulivu usiotetemeshwa na injini, nyumba yenye sauti za watu, na subira ya kuzizoea.